Taa Zile Zina Mwenyewe

Msururu wa taa ukipita juu ya Mtongwe, mtaa hugawanyika mara tatu. Kuna wanaosema ni majini. Kuna wanaosema ni jeshi la majini, maana kambi iko papa hapa, kwa hivyo kila cha ajabu ni chao. Halafu kuna sisi wa simu: tunarekodi, tunatupia mtandaoni, tunacheka, tunalala.

Nimeuona mara mbili kutoka upande wa feri, giza likianza kuingia: nukta nyeupe zimefuatana kama shanga, hazina mlio. Kujua ni nini hakuhitaji digrii, ambayo mimi sina. Ni setilaiti za Starlink. Hurushwa kwa makundi, na siku za mwanzo huandamana kabla ya kutawanyika na kupanda hadi kama kilomita 550. Wala si taa. Ni jua: kwetu limeshatua, kule juu bado linazipiga. Zikiingia kwenye kivuli cha dunia, zinapotea.

Hapo wajuaji wa maskani hufunga mjadala: "Aah, ni Starlink tu." Hiyo "tu" ndiyo inayoniudhi. Bibi anayesema ni majini huuliza papo hapo: yametumwa na nani, yanataka nini? Jina amekosea, maswali amepatia. Sisi jina tumelipata, maswali tumeyatupa.

Kundi la kwanza, setilaiti 60, lilirushwa Mei 2019. Leo kampuni hiyo moja ya Marekani ina zaidi ya 7,000. Nani alikuuliza?

Waliotutangulia hawakunyamaza hivi. Desemba 12, 1970, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Roketi ya Marekani, jukwaa la Waitaliano; chetu kilikuwa jina na ikweta. Miaka sita baadaye, Kenya ikatia sahihi Azimio la Bogotá pamoja na nchi nyingine za ikweta, ikidai haki juu ya njia ya setilaiti iliyo kama kilomita 36,000 juu yao. Wakubwa walipuuza. Lakini angalau tulidai.

Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kama kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi, likaanza kumtafuta mwenyewe. Ingeangukia nyumba je? Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha ndiyo hulipa uharibifu wa ardhini. Lakini lazima ijulikane ni ipi. Jini halidaiwi fidia.

Sisemi intaneti yao ni mbaya. Nasema anayepitisha mali yake juu ya paa langu apige hodi kwanza. Zikipita tena, rekodi ukitaka. Lakini chini ya video andika: nani aliruhusu, na zikianguka, nani atalipa?