Shangingi Limeuzwa: Sasa Tununue Lipi?

Ijumaa moja, baada ya swala, ndugu yetu mmoja alinishika mkono akanivuta pembeni mwa msikiti. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye jambo zito, nikadhani amefikwa na msiba. Kumbe jambo lenyewe ni hili: ameuza Prado aliyokuwa nayo kwa miaka minane, fedha ziko mkononi, na hajui anunue gari gani badala yake. Rafiki mmoja anamshauri Land Cruiser VX. Mwingine anamsifia Lexus LX 570. Shemeji yake anamwambia kwamba mtu wa hadhi yake asikubali kitu kilicho chini ya Range Rover. "Sheikh, wewe waonaje?" akaniuliza. "Ila nisirudi nyuma. Watu watasemaje?"

Sikumjibu siku ile. Baadaye nilizungumza naye faragha, naye hakukataza niliandike jambo hili maadamu jina lake halitajwi. Namjibu hapa kwa sababu swali lake si lake peke yake. Limekuwa swali la kila Mwislamu aliyejaaliwa riziki kidogo katika miji yetu, na wengi hulijibu vibaya kabla hata ya kuliuliza.

Tazameni alichouliza na asichouliza. Aliuliza ni gari gani. Hakuuliza kama analihitaji. Ndugu huyu ni mkandarasi, na vibarua wake wanamdai ujira wa miezi miwili. Yeye anajua, nami najua, na wao, wanaosimama naye katika safu moja ya swala, wanajua zaidi yetu sote. Mtume Muhammad (s.a.w.) alituagiza tumlipe mfanyakazi ujira wake bila kumchelewesha, kabla hata jasho lake halijakauka. Jasho la watu hawa limekauka mara sitini, na fedha za kuwalipa zinatafutiwa viti vya ngozi!

Haya si maneno ya kijicho. Mali ni neema, na Uislamu haukumwamuru tajiri avae matambara. Wala sisemi kwamba gari kubwa ni haramu. Ninachosema ni kwamba siku mtu anapouza gari la zamani, kabla hajanunua jingine, ni siku adimu ambayo yu huru. Hajafungwa na deni jipya wala na gari ambalo majirani wamekwisha kumjua kwalo. Siku hiyo aitumie kuhesabu, maana akishatia saini, hesabu itafanywa na wengine.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. Watu wetu hawakuyaita magari haya "ya heshima". Waliyaita mashangingi, na neno hilo lilikuwa likimtaja mwanamke aliyebobea katika uhuni na kujionyesha. Umma ulioyaona yakipita ukiwa umesimama kituoni kungoja daladala ulitoa hukumu yake kwa neno moja. Ajabu ni kwamba wenye magari walilisikia jina hilo wakalifurahia.

Sasa tuzipime hoja zinazotolewa. Ya kwanza ni barabara. Huambiwa kwamba nchi yetu ina mashimo na matope, kwa hiyo gari refu ni lazima. Hoja hii ni ya kweli kwa anayestahili kuitoa. Mganga anayepita vijijini wakati wa masika hawezi kwenda kwa gari dogo. Lakini yeye hatumii Range Rover. Hutumia Land Cruiser ile ya kazi, ya jamii ya 70 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, isiyo na mapambo, ambayo fundi wa wilayani anaweza kuifungua na kuifunga. Ndugu yetu safari yake ni kutoka Mbezi hadi Kariakoo, lami tupu, na saa mbili za foleni. Shimo kubwa analokutana nalo ni lile la mbele ya geti lake, ambalo lingezibwa kwa lori moja la kifusi.

Hoja ya pili ni nguvu. "Hii ni V8," husema mtu kwa sauti ya kujitapa. Basi na ajue kwamba Toyota yenyewe, ilipoleta Land Cruiser ya jamii ya 300 mwaka 2021, iliiacha injini ya silinda nane ikatia ya silinda sita. Mtengenezaji ameona silinda sita zinatosha kuvuka jangwa. Mnunuzi wa Dar es Salaam anaona nane hazitoshi kuvuka Ubungo. Tufanye hesabu ya mafuta tu. Injini ya LX 570 ina ujazo wa lita 5.7, na katika foleni za mji lita moja ya petroli haiipeleki mbali zaidi ya kilomita tano hivi. Gari la wastani la lita 2 hufika kumi au karibu yake. Anayetembea kilomita 1,500 kwa mwezi huteketeza lita 300 kwa lile na 150 kwa hili. Tofauti ya mwaka mzima ni lita 1,800. Hapo hatujataja matairi, bima, wala shokapu ambazo zikiharibika fundi wa mtaani hukuna kichwa na spea huagizwa kutoka ng'ambo.

Na anayetaka kuagiza asihesabu bei ya ng'ambo peke yake. Kwa viwango vilivyotumika Tanzania kwa miaka mingi, gari la injini inayozidi cc 2000 hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa asilimia 10, kisha VAT asilimia 18, kila kodi ikitozwa juu ya jumla iliyotangulia. Hivyo kila shilingi 100 iliyofika bandarini huwa shilingi 162, kabla ya tozo ndogondogo na kabla ya ushuru wa uchakavu kwa gari lililozeeka. Wengi hulijua hili wakiwa bandarini, na hapo ndipo hukimbilia benki. Mtu aliyeanza safari kwa fedha taslimu za halali humaliza akiwa na mkopo wa riba, na amani aliyokuwa nayo siku ya kuuza Prado haimrudii tena.

Hoja ya tatu ndiyo huvishwa kilemba cha dini. Husemwa kwamba Mwenyezi Mungu anapenda kuona athari ya neema yake kwa mja wake. Ni kweli, na mafundisho hayo ni mazuri. Lakini athari ya neema huonekana kwanza wapi? Huonekana kwa mzazi anayetibiwa, kwa yatima anayesoma, kwa kibarua anayelipwa siku yake. Qur'ani Tukufu imetupa pia habari za Karuni, aliyewatokea watu wake katika fahari yake yote, na wapenda dunia wakatamani wangekuwa kama yeye. Kosa lake halikuwa kuwa na mali. Alidai kuwa ameipata kwa elimu yake mwenyewe, akaitembeza mbele za watu, na mwisho wake tunaujua sote.

Wako pia wanaosema, "Mimi zaka nimetoa." Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Gari analolitumia mtu mwenyewe halitolewi zaka. Fedha zilizofikia nisabu na kutimiza mwaka hutolewa asilimia mbili na nusu. Mwenye shilingi milioni 100 akiziweka, maskini wana haki ya milioni mbili na nusu kila mwaka. Akizigeuza zote kuwa gari, haki hiyo hutoweka katika daftari. Ikiwa gari ni la haja, hana lawama. Ikiwa ni la kujionyesha, basi na ajue ni kutoka meza ya nani alikotoa shilingi za viti vyake.

Maradhi haya si ya mtu binafsi tu. Wenzetu wa Kenya waliiingiza serikali madarakani mwishoni mwa mwaka 2002 kwa ahadi ya kukomesha ubadhirifu. Mwaka 2006, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo na tawi la Transparency International walieleza kwamba kati ya Januari 2003 na Septemba 2004 serikali hiyo ilitumia si chini ya shilingi za Kenya milioni 878 kununua magari ya anasa. Juni 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza katika bajeti kwamba mawaziri waachane na magari makubwa na kutumia yasiyozidi cc 1800, na Volkswagen Passat zikanunuliwa. Je, walikimbilia kuyarudisha yale ya zamani? Baadhi yao walijikokota kweli kweli. Kupanda gari kubwa hakumchukui mtu hata dakika moja, lakini kushuka kwake humlazimu kupigana na nafsi.

Na nafsi hiyo hulishwa na nani? Hapa sharti tujilaumu wenyewe. Ni nani anayeondoa pikipiki za vijana mbele ya msikiti ili shangingi lipate kivuli? Ni sisi. Ni nani anayemsogeza mbele mwenye funguo kubwa hata kama amekuja baada ya iqama, na kumpa kipaza sauti siku ya harambee kabla ya mzee aliyefagia msikiti miaka ishirini? Ni sisi. Wako hata viongozi wetu wa dini ambao hawaanzi ziara mpaka wapelekewe gari la kufanana na la waziri. Ndugu yetu alipouliza "watu watasemaje?" alikuwa na haki ya kuogopa, kwa kuwa alituona tunavyowatazama wanaoshuka kutoka magari madogo. Anayelinunua shangingi ni yeye, lakini anayelichagua ni macho yetu.

Basi jibu langu ni hili, ndugu yangu. Chukua karatasi. Andika kwanza unaodaiwa nao, na vibarua wawe mstari wa kwanza. Dawa ya deni ni kulipa. Walipe kabla hujaenda yadi yoyote. Pili, andika safari zako za mwezi uliopita: ulikwenda wapi, na ulibeba watu wangapi. Ikiwa familia ni kubwa, Noah huwatosha. Ikiwa ni wewe na mkeo na watoto wawili, gari la wastani litawafikisha, tena kwa baridi ya kiyoyozi ileile. Tatu, nunua kwa fedha ulizo nazo, bila riba. Mtu hujikuna ajipatapo. Nne, kitakachobaki kifanyie biashara ya halali au uwape wenye haja, nacho kitakutolea ushahidi siku ambayo chuma chote kitakuwa kutu.

Nasi tulio msikitini tuna wajibu wetu. Ijumaa atakapokuja na gari dogo, vibarua wake wakiwa wamelipwa, tumlaki kwa salamu nzito kuliko zote tulizowahi kumpa.

Mwenyezi Mungu atukinge na israfu na ria, atujaalie kuridhika na kinachotutosha, na awape wepesi wa kulipa wale wanaodaiwa jasho la wenzao. Amin.