Mashua ya Jamaa Hainunuliwi kwa Rangi

Wiki jana, baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Lamu alinifuata barazani akanionyesha picha za mashua katika simu yake. Anafanya kazi ya afisi Mombasa, ana mke na watoto watatu, na kwa miaka mitano amekuwa akidunduliza fedha ili apate chombo chake mwenyewe. Akija likizo awachukue watu wake mandari Manda, au awafikishe Siyu kwa bibi yao bila ya kubanwa na mizigo ya watu. Mashua yenyewe ni ya futi 28, imepakwa rangi ya buluu na nyeupe, tanga ni jipya, na omo imetiwa nakshi. "Hii nishaipenda, Ami," aliniambia. "Ijumaa natoa arbuni."

Nilimwuliza kama ameliona tumbo lake. Hakunielewa. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kwani naamini si yeye peke yake.

Vijana wetu wengi siku hizi wamezaliwa pwani lakini hawakulelewa chomboni. Sisemi haya kwa kuwalaumu. Sisi wazee ndio tuliowaambia wasome, waiache bahari. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu ambaye babu yake aliweza kuijua mbao kwa kuigonga, leo hununua chombo kama anunuavyo kanzu ya Idi: hutazama rangi, akapapasa kitambaa, akalipa. Na wauzaji wameshalijua hilo.

Mimi mwenyewe nilitenda kosa hilo hilo, wala sioni haya kulisema. Chombo changu cha kwanza kilikuwa mashua kuukuu ya futi 30, na aliyeniuzia jina lake nalihifadhi. Alinipeleka kuitazama asubuhi mapema, ikielea, na ngama ilikuwa kavu kama sakafu ya jikoni. Upo ulikuwa umelazwa ubavuni, nao umelowa. Niliuona kwa macho yangu kwamba umelowa! Sikujiuliza ulikuwa ukifua maji gani alfajiri yote ile. Nilitazama tanga, nikatazama nakshi, nikatoa fedha.

Safari ya pili tulikwenda Takwa: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama mkwe. Wakati wa kurudi upepo wa kusi ulikuwa umekaza. Chombo kilipoanza kupiga omo juu ya mawimbi, mbao moja karibu na mkuku ikaachia. Maji hayakuingia kwa kishindo. Yaliingia kimya, na tulipoyatambua yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Binti yangu, wakati huo wa miaka sita, alikuwa akifua maji kwa sufuria ya wali. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu tuliwahi kukiingiza chombo katika mikoko, kikakaa juu ya tope, na maji yalikuwa yakipwa. Tukakaa hapo mpaka usiku, mama mkwe akisoma uradi, watoto wakitafunwa na mbu. Mke wangu hakusema neno. Hakusema siku ile wala kesho yake, lakini kwa muda wa miaka miwili hakuna mtoto wake aliyetia mguu chomboni. Hilo liliniuma kuliko fedha.

Baadaye nilimleta fundi mzee kutoka Matondoni. Alikwangua rangi kidogo pale mbao zinapokutana na mkuku, akachoma kwa ncha ya kisu. Kisu kilizama mpaka kwenye mpini. Ndani kulikuwa na vijinjia kama vya sega la asali: kazi ya yule mdudu wa baharini atoboaye mbao. Watu humwita funza, lakini kwa hakika ni wa jamii moja na chaza na kombe. Huingia angali mdogo sana, kwa tundu isiyozidi kichwa cha sindano, kisha hukua humo humo akiufuata uzi wa mbao. Ubao waweza kuwa mzima machoni na kumbe ndani umeliwa wote. Ndiyo sababu wazee wakivipandisha vyombo pwani kila baada ya muda, wakavipitishia moto wa makuti chini na kuvipaka deheni ya shahamu na chokaa. Haikuwa urembo.

Nilitaka kumrudia aliyeniuzia. Dini yetu iko wazi katika jambo hili: mwenye kujua aibu ya bidhaa yake ni wajibu aibainishe, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kurudisha. Habari ya Mtume (S.A.W.) alipotia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni akakuta imelowa, inajulikana na kila mtoto wa chuoni. Lakini mimi sikuweka shahidi, sikuandikiana naye chochote, na mwenyewe alikuwa ameshahama. Haki ninayo mpaka leo, mashua ndiyo sina.

Basi kwa yule kijana, na kwa kila mwenye nia kama yake, rai yangu ni hii: usikinunue chombo kinachoelea. Ngoja siku za bamvua, maji yapwe sana, kiwe kimekaa juu ya mchanga, nawe ulale chini ukitazame tumbo. Chukua kisu na nyundo ndogo. Mbao nzima hulia ukiigonga, iliyooza hunyamaza. Tazama michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye misumari, kwani msumari uliokwisha haushiki kitu hata ubao ukiwa wa mbambakofi. Ingia ndani ukapapase mataruma pale yanapolala juu ya mkuku, mahali ambapo uchafu hukaa na maji hayakauki. Ukikuta kalafati mpya chombo kizima, usifurahi upesi. Uliza ni nani aliyekalafati, lini, na kwa nini.

Halafu mwombe mwenyewe akishushe majini na kukiacha siku mbili, asikiguse. Hapa pana jambo linalowapotosha wengi. Chombo kilichokaa juani hata kikiwa kizima kitavuja siku ya kwanza, kwa kuwa mbao zimenywea. Zikishavimba, uvujaji hupungua. Usikikatae kwa maji ya siku ya kwanza, wala usikikubali kwa ukavu wa asubuhi moja. Yapime maji ya siku ya pili. Na upo uwe mikononi mwako wewe.

Tanga lisikushughulishe. Tanga bovu ni gharama, lakini hushonwa jingine. Hata mlingoti hubadilishwa. Mkuku ukioza umenunua kuni.

Kuna hili la ukubwa, na hapa ndipo ninapohitilafiana na wenzangu wengi barazani, wanaosema kwamba mwenye watoto na anunue chombo kikubwa, wakae kwa raha. Mimi nasema wamekosea. Tanga letu la pembetatu limefungwa kwenye foromali, na ukitaka kugeuza upande huna budi kuipitisha foromali mbele ya mlingoti. Katika mashua ya futi 18 au 20, baba na kijana wake wa miaka kumi na minne wanaiweza. Katika ya futi 28, upepo ukiwa mkali, unahitaji mabaharia. Na ukishaajiri mabaharia, chombo si cha jamaa tena; umekuwa abiria ndani ya mali yako mwenyewe, na watoto wako wameketi kama watalii, hawaguswi na kamba. Tena chombo kidogo hakina kina kirefu. Takwa huendewa maji yakijaa, kwa kupita mkono wa bahari katikati ya mikoko. Siyu vile vile. Na Mkanda ukiukosa wakati wake utalala humo. Mwenye chombo chepesi akikwama hushuka yeye na wanawe wakakisukuma. Kikubwa hakisukumwi.

Kwa hoja hiyo hiyo sishauri mtu wa kwetu atamani yale mayoti ya Wazungu yanayotia nanga katika mkono wa Kilifi. Ni vyombo vizuri mno, vina vitanda na jiko ndani, lakini vingi vina mkuku mrefu wa uzito chini, na kwenye tope letu vitalala ubavu. Ama boti la faiba na mashine, mdudu haliwezi, hilo nakubali; mwenye haraka na mwenye biashara anunue. Lakini mtoto hajifunzi upepo katika mashine. (Mashine ndogo ya kutundika nyuma siku upepo ukifa si dhambi. Mimi ninayo.) Jaketi za kuokolea, moja kwa kila kichwa pamoja na mtoto mchanga, hazihitaji mjadala.

La mwisho, ambalo ningelijua mapema ningepumzika: mchukue mke wako akatazame kabla ya fedha kutoka. Wengi wetu huwapeleka wake zetu chomboni kama tuwapelekavyo harusini, siku ya shughuli. Lakini yeye ndiye atakayeuliza mtoto atalala wapi jua likiwa kali, kama pana mahali pa kutandaza chandarua, kama ukingo una urefu wa kutosha asije aliyeanza kutambaa akapinduka. Maswali hayo hayamo katika picha za simu.

Chombo changu cha pili nilikitafuta karibu mwaka mzima. Kilikuwa mashua ya futi 19, rangi yote imembanduka, na mwenyewe alikuwa akiona haya kunionyesha. Fundi alilala chini yake saa nzima akichomachoma kwa kisu chake, akatoka akasema mbao ni nzima. Tukakishusha majini, tukakiacha siku mbili, na mashahidi wawili wakijua masharti. Asubuhi ya tatu nilikwenda na mke wangu. Tulikuta ngama ina maji ya kina cha vidole viwili, na mimi moyo ukanianguka.

Yeye alikunja buibui lake, akainama, akatia kidole, akaonja.

"Haya si ya bahari," alisema. "Jana usiku ilinyesha, nawe ulikuwa umelala." Kisha akamgeukia mwenye mashua. "Lakini mwanangu, maji ya mvua ndiyo yaozeshayo mbao. Mbona huifuniki? Tupunguzie."