Usikubali Kuambiwa Tu "Moyo Umepanuka"

Wasee, kuna sentensi moja hunikasirisha sana: "Moyo wako umepanuka kidogo, lakini usijali." Yaani umelipia eko pesa mob, umepakwa jeli baridi kifuani, halafu unarudi nyumbani na hiyo sentensi pekee. Umepanuka wapi? Kiasi gani? Mbona?

Msimamo wangu ni huu: kijana mwenye shida ya vali ana haki ya kuelezwa ukubwa wa vyumba vya moyo wake kwa lugha anayoshika. Hizo nambari ni zake.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vali ni milango inayofunguka upande mmoja tu. Mlango ukikaza, damu inajazana nyuma yake kama watu kwa stegi saa kumi na mbili jioni wakati mathree ni moja. Mlango ukilegea, damu inarudi ilikotoka, na chumba kinabeba mzigo wa ziada kila pigo. Miaka ikienda, kuta zinavutika kama lastiki ya soksi, na kuna siku hazitarudi.

Ndiyo maana naona chumba ni kama kitabu cha deni dukani. Mlio ambao daktari anaskia unamwambia kuna kitu. Chumba kilichopanuka kinamwambia deni limekaa, na limefika wapi.

Tena chumba gani ni muhimu. Chukua vali ya mitrali, ile ya upande wa kushoto. Ikikaza, chumba cha juu kushoto ndicho hupanuka, cha chini kinabaki kawaida. Ikivuja kwa muda mrefu, vyote viwili hupanuka. Cha juu kikishavimba, mapigo yanaweza kupoteza mpangilio, damu igande ndani, na bonge likiruka hadi kwa ubongo, hiyo ni kiharusi. Kwa mtu wa miaka 25, manze.

Na hapa ndipo wengi hushikwa. Kwa mitrali inayovuja vibaya, miongozo ya madaktari wa Marekani na Ulaya inasema chumba cha chini kushoto kikipimwa milimita 40 au zaidi kikiwa kimejikaza, ni wakati wa kuzungumzia upasuaji, hata kama mgonjwa anajiskia fiti. Kwa hivyo "mimi niko sawa tu" haitoshi.

Kuna mtu atasema nambari zitatutia wasiwasi bure. Naskia, na ni kweli chumba kikubwa pekee si hukumu. Mkimbiaji wa Iten anaweza kuwa na vyumba vikubwa kwa sababu ya mazoezi, na vali zake ziko poa. Vali ikipasuka ghafla, ugonjwa unaweza kuwa mkali na chumba bado ni cha kawaida, hakijapata muda wa kupanuka. Na dem mdogo wa mwili hapimwi kama jamaa wa futi sita. Lakini si hiyo ndiyo sababu zaidi ya kuelezewa? Kinachotisha ni nusu ya habari.

Hii si stori ya wazee. Kwetu, vali za vijana wengi huharibiwa na homa ya rumatiki, inayofuata maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa. Huanza hasa kati ya miaka 5 na 15. Penisilini ya bei nafuu inaweza kuizuia, na aliyeipata huchomwa sindano kila wiki tatu au nne ili isirudi. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu, lakini azimio halikusomei ripoti yako.

Kwa hivyo ukiwa kwa kliniki, uliza matatu: chumba gani kimepanuka, ni milimita ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa ngapi? Hilo la tatu ndilo zito, kwa hivyo piga picha kila ripoti uiweke kwa simu. Chumba kinachozidi kupanuka kila mwaka kinasema kitu ambacho ripoti moja haiwezi.

Na kama una beshte anayepumzika kila ghorofa akipanda ngazi na mnamwita mvivu, acheni jokes. Mwambie aende akaskizwe moyo.