Risasi ya Betri Siyo ya Bei Rahisi

Ndugu mkulima, na wewe mwenye banda la vyuma chakavu, leo naomba tusemezane bila kuoneana haya.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kukagua mihogo ya mkulima mmoja nje kidogo ya Chamazi. Shambani sikumkuta. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, juu yake sufuria kuukuu, na ndani ya sufuria kitu cheupe kinachong'aa kimeyeyuka. Pembeni kulikuwa na betri ya gari iliyopasuliwa, na mtoto wa kama miaka mitatu anachezea mabamba yake kwenye mchanga. Mwenyewe hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Bwana shamba, hizi ni za nguruwe. Za dukani siziwezi, hii kilo nimeipata kwa bei ya soda tatu."

Siku ile sikubishana naye. Nilimwomba tu amwondoe mtoto, tukaenda kuangalia mihogo. Leo namjibu, na nakujibu na wewe, kwa sababu najua hayuko peke yake. Huku pembezoni, kuanzia Mabwepande hadi Toangoma, ukivuka mpaka wa Kisarawe ndiyo zaidi, magobore yapo na watu wa kuyalisha wapo.

Kiswahili chetu chenyewe kilishatutahadharisha. Risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu, na risasi ni ile metali laini ya kijivu iliyomo kwenye betri. Jina ni moja. Metali hiyo inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu, ndiyo maana jiko la mkaa linaiweza, na ndiyo maana kila mtu anadhani ni kazi ya nyumbani kama kukaanga karanga. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anaifyonza kuliko mtu mzima, inakwenda kwenye ubongo, na akili inayopotea hapo hairudi. Mama mjamzito anampitishia mtoto aliye tumboni. Kwa mtu mzima inajificha kwenye mifupa miaka na miaka. Na mwanzoni huoni kitu: tumbo linasokota, choo kigumu, damu inapungua, mtoto haelewi darasani, mnasema amerogwa au ni mvivu.

Usiniambie hayo ni mambo ya Ulaya. Nenda Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru. Pale kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa ukutani mwa nyumba za watu, kikafanya kazi tangu 2007 hadi kilipofungwa 2014. Watoto walikutwa na risasi kwenye damu, watu wakaugua, wengine wakafa. Wakazi walikwenda mahakamani na mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu miaka hiyo. Kile kilikuwa kiwanda chenye bomba la moshi. Wewe sufuria yako iko hatua sita kutoka kwenye kitanda cha mtoto, na vumbi lile haliondoki kwa kufagia, linahama tu kutoka uwanjani kwenda ndani.

Sasa wale wanaosema "mimi siyeyushi, mimi nanunua kitoweo tu". Mwaka 2008 kule North Dakota, Marekani, wawindaji walikuwa wakitoa msaada wa nyama ya swala wa kwao kwa watu maskini. Daktari mmoja, mwindaji mwenyewe, akazipitisha pakiti kwenye mashine ya kupiga picha, akakuta nyingi zina vipande vya risasi, vidogo kiasi kwamba jino halivihisi. Serikali ya jimbo ikaagiza nyama ile iondolewe. Wakapimwa damu watu zaidi ya 700, na waliokula nyama ya kuwindwa walikutwa na risasi zaidi ya wasiokula. Ni kweli bunduki za kule zina kasi kubwa, risasi yake husambaratika kuliko ya gobore. Lakini gobore la huku halipakiwi kipande kimoja, linapakiwa konzi, na konzi hiyo yote iko ndani ya paa unayemletea mkeo. Halafu sisi watu wa pwani tunailaza nyama kwenye limau au ukwaju usiku kucha ili ilainike. Tindikali hiyo inaitoa risasi kwenye chuma na kuiingiza kwenye mchuzi. Denmark ilipiga marufuku marisawa ya risasi mwaka 1996. California ilikataza risasi za metali hiyo kwenye uwindaji wote tangu Julai 2019, watu wakahamia za shaba. Hao wana bunduki nyingi kuliko sisi na bado wameogopa.

Najua utauliza, basi niweke shaba kwenye gobore? Hapana. Sitakufundisha kupakia risasi za nyumbani za aina yoyote, ziwe rahisi au ghali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza silaha au risasi bila kibali, na kumiliki bila leseni ni kosa, hata kama gobore ni la babu. Sheria ya Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayewinda, na nyama unayouza kimyakimya gizani inaitwa nyara ya serikali. Bomba la maji lililofungwa waya halijui kwamba una familia. Likipasuka linapasukia usoni pako, maana ndiko ulikoliegemeza.

Wewe mwenye leseni halali, nunua risasi za kiwandani kwenye duka lenye leseni, na ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua za shaba. Ukipiga kwa risasi za kawaida, kata nyama kwa upana wa viganja viwili kuzunguka jeraha uitupe, usimpe hata mbwa, na iliyobaki usiilaze kwenye ndimu. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka sita wapikie kitu kingine.

Jambo jingine, hili ni la kazi yangu hasa. Wengi huku hawali nguruwe, kwa hiyo nguruwe pori akiuawa anaishia kwa walaji wa kitimoto bila kupita kwa mkaguzi wa nyama. Nguruwe pori anaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuonekana mgonjwa. Masalia yake yakiingia kwenye banda la jirani yako, nguruwe wake wanakufa wote, maana ugonjwa huo hauna tiba. Umeokoa matuta yako ya mihogo na umemfilisi mwenzako.

Hapa naomba nigeuke, maana nitakuwa mnafiki nikikulaumu wewe peke yako. Mimi ni mtumishi wa serikali na nasema tumewaacha. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 zinawahusu wanyama hatari, kama tembo, kiboko, simba. Nguruwe pori aliyefukua robo eka ya mihogo usiku mmoja hayumo. Tumbili hayumo. Mkulima anaripoti, anaambiwa asubiri gari, gari halina mafuta. Hili si jipya kwa Uzaramo. Kabla ya Majimaji mwaka 1905, utawala wa Wajerumani ulibana uwindaji na baruti za wenyeji, ukawapeleka wanaume kwenye mashamba ya pamba, na nguruwe wakala chakula kilichobaki nyumbani. Watu hawakusahau. Anayedhani mkulima ataangalia tu mihogo yake ikiliwa kwa sababu kuna sheria, hajawahi kulima. Nimeyasema haya kwenye vikao na nitaendelea kuyasema.

Lakini hasira yako usiiyeyushe kwenye sufuria ambayo mtoto wako anaivuta puani.

Fanya yanayowezekana msimu huu. Safisha kichaka kuzunguka shamba, hatua ishirini hivi, nguruwe hapendi kuvuka uwazi. Panda mkonge kwa kubananisha upande unaopakana na pori, inachukua muda lakini ukishika umeshika. Pembeni weka mihogo michungu, ya mitamu ikae katikati, na hiyo michungu uiloweke na kuianika ipasavyo kabla ya kula, sumu yake mnaijua. Lindeni kwa zamu: watu wanne wenye mashamba yaliyopakana, kila mmoja usiku mmoja, debe, tochi na mbwa. Mtu mmoja kulinda kila siku hawezi, atalala, na nguruwe anajua. Mashimo na mitego ya waya nayo imekatazwa, inamkamata na mbuzi wa jirani. Mkiharibiwa, ripotini kwa maandishi kwa mtendaji, nakala kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, siku hiyohiyo, mkiwa na picha. Ripoti moja inapotea kwenye droo. Ripoti kumi za kijiji kimoja zinamsumbua mtu.

Na wewe wa vyuma chakavu: betri usiipasue, usiuze mabamba kwa kilo kwa mtu wa mtaani. Iuze nzima kwa mkusanyaji aliyesajiliwa. Faida ni ndogo, nakubali. Ile tindikali unayoimwaga nyuma ya banda inaingia kwenye kisima unachochota.

Mwenye gobore ndani, Jeshi la Polisi hutangaza mara kwa mara kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Likitangazwa, usingoje wiki ya mwisho. Kama unaogopa kwenda peke yako, nitakusindikiza hadi kwa mtendaji, sitauliza lilitoka wapi.

Yule mkulima wa Chamazi nilirudi kwake juzi. Jiko lipo, sufuria ameifukia. Mtoto tumempeleka kituo cha afya, daktari ameandika apimwe damu na tunasubiri majibu. Alhamisi saa tatu asubuhi nitakuwa ofisi ya kata na miche ya mkonge, ya bure, mpaka itakapokwisha.