Mtoto Anayeziba Masikio Darasani

Mvua ya Juba ikianza kupiga juu ya mabati ya shule, darasa zima hunyamaza, kwa maana sauti ya mwalimu haisikiki tena. Lakini katika darasa moja la pili mjini humu alikuwapo mvulana ambaye, siku kama hiyo, aliingia chini ya dawati, akaziba masikio kwa mikono miwili, na kuyumbayumba mpaka mvua ikatike. Mama yake, mke wa sajini mmoja, ndiye aliyenisimulia. Mara tatu mtoto alichapwa kwa utundu huo. Baada ya hapo alikataa kabisa kwenda shule, na ninapoandika safu hii yuko nyumbani, akipanga vifuniko vya soda mlangoni, vyekundu upande huu, vya kijani upande ule, wala hakosei hata kimoja.

Mimi si daktari, na sitampa mtoto huyo jina la hali ambayo hakupimwa. Hata hivyo, wasomaji wapenzi, watoto wa namna hii wapo, na elimu juu yao si ngeni. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, alieleza kwa kirefu hali ambayo sisi kwa Kiswahili twaiita usonji. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter aliandika juu ya watoto wa aina hiyo aliowakuta katika miji ya Afrika, ikiwamo ya Kenya. Basi anayesema kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu amechelewa kupata habari. Usonji hauambukizi, hauletwi na laana, na wala si matunda ya mama aliyeshindwa kulea. Ubongo wa mtoto hupokea sauti, mwanga na maneno kwa njia yake. Kelele ambayo kwako ni ya kawaida, kwake huweza kuwa maumivu.

Wako na wengine. Yuko asiyeweza kukaa kitako dakika tano, si kwa kiburi, bali kwa kuwa mwili wake haumruhusu. Yuko mwenye disleksia, ambaye hadithi huisimulia vizuri kuliko wenzake wote, lakini akipewa kitabu herufi humchanganya, naye huitwa mvivu mpaka mwenyewe akaamini.

Hapa kwetu iko tahadhari moja. Mtoto wa Juba huongea Kiarabu cha Juba mtaani, pengine Kibari, Kidinka au Kinuer nyumbani, kisha darasani hukutana na Kiingereza. Akinyamaza, si lazima awe na tatizo lolote. Mwalimu na amuulize jambo lile lile kwa lugha ya nyumbani kwao. Akijibu, kilichompungukia ni Kiingereza tu. Vilevile mtoto aliyeishi katika milio ya bunduki ya mwaka 2013 au 2016, au aliyelelewa na waliokimbia siku zile, aweza kushtuka na kupoteza fikira kwa sababu nyingine kabisa. Na yule anayekodoa macho ghafula asisikie akiitwa, au anayetikisa kichwa kama anayesinzia, huyo apelekwe hospitali upesi, maana huenda ni kifafa. Watu wa Maridi na Mundri wameujua ugonjwa wa kutikisa kichwa kwa miaka mingi, nao haukuponywa na fimbo hata siku moja.

Simlaumu mwalimu kupita kiasi. Ana watoto wengi mbele yake, mshahara humfikia kwa kuchelewa, na huenda hakuna aliyemfundisha mambo haya. Lakini mengi ya kufanya hayana gharama. Mtoto wa kelele akae mbali na mlango. Mtoto asiyetulia atumwe kufuta ubao au kuleta maji, kisha arudi. Mwenye shida ya kusoma asomewe swali, ajibu kwa mdomo. Ratiba ya siku ichorwe kwa picha ubaoni, ili mtoto ajue kitakachofuata.

Na hapa ninyi askari mna la kuwafundisha walimu. Mkufunzi wa kwata hasemi tu “tembea!” na kikosi kikaondoka. Husema kwanza “mbele”, akatulia kidogo, watu wakajiandaa, ndipo amri ikatoka. Mtoto mwenye usonji huhitaji utulivu huo huo: aambiwe kwamba kengele italia baada ya muda mfupi, apewe jambo moja kwa wakati mmoja, na kwa maneno machache. Mjini Nairobi shule ya msingi ya City ina kitengo cha watoto wa usonji tangu mwaka 2003. Sisi tusingojee kitengo ili tuanze na hayo madogo.

Kuhusu kiboko, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2008 imekataza mtoto kuchapwa, nayo imewataja waziwazi machifu, polisi, walimu na askari magereza. Wasomaji wa gazeti hili mmo katika orodha hiyo.

Nilimshauri mama yule kwamba safari hii baba mwenyewe aende shuleni, kwa kuwa mpaka sasa mzigo wote umekuwa juu ya mama. Aende siku asiyo na zamu, na sare aiache nyumbani, kwani mwalimu akiona sare ofisini ataitikia kila neno bila kusikia hata moja. Achukue karatasi aliyoandika mambo matatu: kinachomtia mtoto hofu, kinachomtuliza, na anachokiweza. La tatu ndilo lililomsumbua sajini alipokaa kuandika. Mama akamwonyesha vifuniko vya soda.

Wanakwenda Jumatatu. Mtoto amekubali kufika hadi langoni tu.