Mama mkwe alizaa tisa, mkaza mwana ataka watatu

Majuma machache yaliyopita nilipanda matatu Likoni nikaenda Msambweni kumtazama rafiki yangu aliyejifungua mtoto wa tatu. Nilimkuta mama mkwe wake uani, amekalia mbuzi akikuna nazi. Baada ya shikamoo na marahaba hakunipa nafasi hata ya kuvua viatu.

"Mwanangu, mwambie mwenzio," akasema. "Eti ataka kufunga duka na watatu tu! Mimi nilizaa tisa."

Rafiki yangu alikuwa ndani akisikia kila neno. Alipotoka kunipa chai, macho yake yalikuwa mekundu. Mumewe hufanya kazi hotelini Diani, na watalii wakipungua huambiwa akae nyumbani bila mshahara.

Je, wewe ungemwunga mkono nani? Usiwe na haraka ya kujibu.

Bi mkubwa si mtu wa ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8 maishani mwake, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu zaidi duniani. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa kitaifa wa kupanga uzazi tangu 1967, lakini walioufuata walikuwa wachache. Baadaye mambo yakabadilika. Mwaka 1989 kiwango kilikuwa watoto 6.7, mwaka 1998 kikawa 4.7, na mwaka 2022 kikafika 3.4. Kwale imeteremka pia, ila kwa mwendo wa pole: mwaka 2014, taifa lilipokuwa kwenye 3.9, Kwale ilikuwa 4.7.

Kwa nini wazee walizaa wengi? Nilimwuliza bi mkubwa: kati ya hao tisa, wangapi wapo? Mkono wake ukasimama.

"Watatu niliwazika," akasema. "Surua ilichukua wawili juma moja."

Basi tusiwacheke wazee wetu. Aliyeogopa kuzika alizaa na wa akiba. Isitoshe, watoto walikuwa mikono ya shambani na tegemeo la uzeeni. Leo chanjo na neti zimepunguza vilio. Uchunguzi wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa nchini, 115 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2022 walikuwa 41. Bado ni wengi, lakini mama wa leo ana matumaini ambayo mama mkwe wake hakuwa nayo.

Shida ya leo ni nyingine. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 649,931 Kwale. Ile ya 2019 ikahesabu 866,820. Ardhi haikuongezeka. Shamba la minazi lililomtosha babu, wajukuu wakigawana, kila mmoja atapata mahali pa kujenga jiko. Tangu 2003 karo ya msingi imeondolewa, lakini sare, viatu na sekondari vinamngoja mzazi.

Wala tusidhani kiwango hiki hushuka chenyewe. Kati ya 1998 na 2003 kilikwama, kikapanda kidogo hadi 4.9. Wataalamu wengi wasema fedha na bidii zilielekezwa kwenye vita dhidi ya UKIMWI, na kupanga uzazi kukasahauliwa. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, ambayo kwa miaka mingi ilisaidia kununua dawa hizi, hofu hiyo ilirudi.

Kwako baba: usimwachie mkeo mzigo huu peke yake. Nenda naye kliniki. Wako akina mama wanaodungwa sindano kwa siri kwa kuogopa waume zao, na siri ya namna hiyo ikifichuka nyumba huwaka moto.

Kwako dada: sindano ya miezi mitatu na kipandikizi cha mkononi huweza kuvuruga hedhi. Likikusumbua, rudi kwa muuguzi akubadilishie, usiache kimya kimya. Na anayehofia dini na amwulize shekhe wake. Qur'ani yenyewe yataja kunyonyesha miaka miwili kamili, na huo ni mwanzo mzuri wa mazungumzo ya kupanga nafasi.

Kwako mama mkwe: wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Hesabu ya watoto waachie watakaowalea.

Nilipoaga, bi mkubwa alikuwa amempakata mjukuu. Akaniambia amepewa jina la mmoja wa wale wawili. Habari ya kufunga duka hakuitaja tena, na rafiki yangu alinisindikiza hadi barabarani akicheka.

Nyumbani kwako mmelizungumza? Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.