Mbwa Amestaafu, Mafao Yake Yako Wapi?

Mwaka jana nikiwa BTP Bunda, nilipanga chumba jirani na yadi moja ya mbao. Yadi ile ilikuwa na mbwa anaitwa Simba. Mlinzi aliniambia Simba amelinda pale miaka tisa, na wezi wa mtaa mzima wanamjua. Ila sasa alikuwa kazeeka. Jicho moja lina ukungu, na usiku analala kuliko mlinzi mwenyewe. Jioni moja natoka shule, nikamkuta kafungwa kamba nyuma ya pikapu.

"Tunaenda kumtupa huko porini, mwalimu," mlinzi akasema. "Bosi kashaleta mwingine."

Nikaomba nipewe mimi. Walicheka sana, wakanipa. Jumamosi nikampakia kwenye gari la mahindi hadi nyumbani Butiama. Mama akatoka jikoni, akamwangalia, akaniangalia mimi. "Mwanangu, wenzako wanaleta mbuzi, wewe unaniletea mbwa babu? Wa kazi gani?"

Swali la mama ndilo limenifanya niandike. Wa kazi gani? Jibu ni kwamba hana kazi. Kazi kashamaliza. Sisi tunaosomea ualimu tunabishana kuhusu kikokotoo hata ajira hatujapata, kwa sababu tunaamini aliyetumika akachoka anastahili kutunzwa. Mbwa anayechunga ng'ombe zetu, anayelinda duka na boma usiku wa mvua, yeye anapewa nini? Kamba, sumu, au kutupwa porini. Tunasema shukrani ya punda ni mateke. Hapa anayepiga mateke ni mtu.

Najua mtaniambia hayo ni mambo ya wazungu. Ni kweli kwao wapo wanaochukua mbwa waliostaafu mbio na kuwalea nyumbani. Jimbo la Florida, Marekani, lilipiga kura mwaka 2018 kufuta mbio za mbwa, na mwisho wa mwaka 2020 viwanja vikafungwa. Mbwa wakatafutiwa familia. Lakini usiende mbali, nenda Morogoro. Shirika la APOPO pale hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu. Mwaka 2021 alistaafu, akaendelea kulishwa na kutunzwa hadi alipokufa Januari 2022. Panya huyo, ndugu zangu! Kama panya buku anaweza kupata uzee wa heshima, mbwa wa yadi kakosa nini?

Tena suala hili si la huruma tu. Mbwa aliyetupwa hafi siku hiyo hiyo. Anazurura jalalani, hachanjwi, anakutana na wengine. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto chini ya miaka 15, yaani hao hao tunaokwenda kuwafundisha. Na sisi wa Mara tunapakana na Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa hifadhi, na wataalamu wakauhusisha na mbwa wa vijijini. Kwa hiyo mbwa wako ukimtupa porini, hujamaliza tatizo, umelihamisha.

Sisemi kila mtu achukue kila mbwa. Aliyefundishwa ukali tangu mdogo, aliyewahi kung'ata watu, usimpeleke kwenye nyumba yenye watoto. Mama naye alikuwa na hofu hiyo, na ilikuwa hofu ya haki. Tulichofanya ni hiki: afisa mifugo alimchanja na kutupa kadi, akampa dawa ya minyoo. Wiki za mwanzo alikaa peke yake uani tukimsoma tabia. Watoto wakakatazwa kumgusa akiwa anakula. Chakula chake ni ukoko wa ugali na dagaa wa Musoma waliovunjikavunjika, wale wanaobaki chini ya gunia. Hata mwenye bumu la kuungaunga anaweza.

Lakini mzigo usianzie kwa jirani mwenye huruma. Aliyemtumia ndiye wa kwanza kuwajibika. Unapoleta mbwa mpya, yule mzee amuachie kona yake na bakuli lake. Akishindwa kabisa, amtafutie mtu wa kumchukua, au amuite daktari wa mifugo amalize bila mateso. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, inayokataza ukatili. Na wewe unayekwenda BTP mwaka huu, darasani kwako watakuwepo watoto wanaorushia mbwa mawe wakati wa mapumziko. Usipite kimya kama hukuona. Hilo nalo ni somo.

Juzi nimempigia mama simu kuomba nauli. Kabla sijafika kwenye nauli, dakika tano nzima ananieleza kwamba Mzee kakataa dagaa, anataka utumbo.